Maneno Matatu kwenye Mdomo wa Bakuli

Ukitaka kujua nani amezaa Kibokoni, huna haja ya kwenda kuuliza hospitali. Tazama asubuhi Bi Swabaha anaelekea wapi. Akipita na kikapu kitupu, anakwenda sokoni. Akipita na kikapu kilichofunikwa leso, basi kuna mzazi mahali, na mzazi huyo yu karibu kukandwa mpaka ayataje majina ya mababu zake wote, hata wale asiowapenda.

Kazi yake ndiyo hiyo. Hukanda wazazi, huwafunga matumbo, huwachemshia majani ya kuogea, na huogesha watoto mpaka arobaini iishe. Hakuisomea popote. Aliirithi kwa bibi yake, pamoja na magoti mabovu, nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi inayolalamika kila unapoikanyaga, na bakuli la fedha.

Bakuli lenyewe si kubwa. Mtoto mchanga huenea makalio tu, miguu ikabaki nje kama ya mzee aliyekaa barazani. Lilitoka wapi, kila mtu ana lake. Wako wasemao liliachwa na Mreno aliyekimbia, wako wasemao lilitolewa mahari na Mhindi aliyesilimu, na yuko ami mmoja aliyekuwa akiapa kwamba liliokotwa kwenye tumbo la papa. Huyo hakuna aliyekuwa akimjibu. Kwenye mdomo wa bakuli, kwa nje, pamechorwa ua dogo, na kutoka kwenye ua hilo maneno matatu yanauzunguka mdomo mpaka yanarudi pale pale kwenye ua. Ama tuseme yalikuwa matatu. Miaka yote ya kusuguliwa kwa jivu na ndimu iliyafanya maneno yale yang'are sana na yasomeke kidogo.

Siku ya arobaini, mtoto akiogeshwa maji ya mwisho ya asumini na marashi, Bi Swabaha humkalisha ndani ya bakuli, humwagia maji mara tatu, na kila mara hunong'ona neno moja. *Tavali. Munamu. Sunamu.* Ndivyo bibi yake alivyomfunza, akimpitisha kidole juu ya maandishi neno kwa neno, akamwambia asimwambie mtu ila binti atakayerithi kazi, na mwanamume asiyasikie kabisa. Kina mama waliokuwa wakiona midomo yake ikicheza walidhani ni Kiarabu cha zamani. Waliojua Kiarabu walidhani ni Kihindi. Jirani yake Mhindi alidhani ni Kireno. Kwa hiyo heshima ikatanda kote, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Matata yaliletwa na simu, kama ilivyo desturi ya matata ya siku hizi.

Binti yake wa pekee, Nabiha, alijifungua mtoto wa kiume, Fuad, akaja kulala arobaini yake kwa mamake kama ada. Mumewe Nabiha ni Zein, fundi wa simu Barabara ya Biashara. Kijana mzuri, mwenye adabu, ila hana kitu anachokiona asikipige picha. Jumatatu alimkuta mkwewe akilisugua bakuli kulitayarisha kwa Ijumaa, siku ambayo mtoto angetoka arobaini. Akalipiga picha, akaitia kwenye kundi la jamaa zake, chini akaandika: *Mali ya kale ya mama mkwe.* Kabla chai haijapoa, binamu yake mmoja aliyeko ng'ambo alijibu kwamba herufi hizo ni za Kilatini, lugha ya makanisani.

Jumanne baada ya alasiri ngazi ikalia. Ilikuwa ni Bi Thuweba, mamake Zein, ametoka Tudor kwa tuk-tuk. Ni mwanamke mrefu, mjane wa mwalimu wa madrasa, naye mwenyewe amefundisha wasichana Kurani miaka na miaka. Hapandishi sauti. Hajawahi kuhitaji.

"Salaam aleikum, mkwe."

"Waaleikum salaam. Karibu, mkwe. Kaa, kahawa i tayari."

"Kahawa n'takunywa. Kwanza nionyesha hilo bakuli."

Bi Swabaha akalileta. Bi Thuweba akaligeuza polepole, akalitazama kwa nje na kwa ndani kama anayechagua tikiti maji.

"Haya ni maneno gani?"

"Ni maneno ya zamani."

"Shetani naye ni wa zamani."

"Mkwe, Zein mwenyewe aliogeshwa humu. Ulikuwa umekaa pale kwenye kitanda cha kamba, ukila supu ya kuku, ukaniambia maji niyapashe kidogo."

"Nalikuwa sijui. Asiyejua hana lawama. Na kile unachonong'ona, ni aya?"

"Si aya."

"Ni dua?"

"Bibi yangu ndiye aliyenifunza."

"Sikukuuliza nani kakufunza."

Kahawa ikaletwa, ikanywewa. Nabiha, na mtoto kifuani, alikuwa akimtazama mamake, kisha mkwewe, kisha mamake, kama mtu anayetazama mpira ambao timu zote mbili ni zake.

"N'sikize, mkwe," akasema Bi Thuweba, akikiweka kikombe. "Sikuja kukutukana. Wewe mikono yako naijua, ilinikanda mimi. Lakini Ijumaa anatolewa mjukuu wetu sote wawili. Nitafutie maana ya maneno haya. Yakiwa safi, mimi mwenyewe n'takushikia birika la maji. Yakiwa ya kanisani, au ya uganga, bakuli halimgusi mtoto, na wewe utakaa kwenye kiti kama wageni wengine."

"Na nisipojua maana yake?"

"Usichokijua usimmwagie mtoto."

Hapo ndipo palipouma. Bi Swabaha alikaa na neno hilo usiku kucha. Kukaa kwenye kiti! Watoto wa watu amewatoa arobaini kutoka Kuze mpaka Mkanyageni, halafu mjukuu wake wa kwanza amtazame kwa mbali, na kisahani cha halua mkononi. Na nyuma ya hofu hiyo ilikuwepo nyingine, ambayo hakumwambia hata Nabiha: je, kama Bi Thuweba ana haki? Je, kama miaka yote hii alikuwa akiwamwagia watoto kitu kibaya masikioni?

Asubuhi Zein, aliyejua moto ule ni nani aliyeutia kiberiti, alikuja kutengeneza alichokiharibu. Alilielekezea bakuli simu yake ili isome maandishi. Simu ikafikiri, ikasema ni bamba la namba ya gari. Akalisogeza dirishani penye mwanga. Simu ikasema ni sufuria, ikamwonyesha zinakouzwa kwa bei nafuu.

"Mama, herufi zimelika. Hata simu haizioni."

"Yaliyofaa kuonwa haiyaoni," akasema Bi Swabaha, "na juzi ilikuwa na mato kama ya paka."

Zein akaaga, akaenda zake kazini.

Bi Swabaha akalifunga bakuli kwa leso, akalitia kikapuni, akaenda Marikiti kununua majani, kwa kuwa binti yake bado alikuwa mzazi na bakuli au si bakuli, majani ni lazima. Muuzaji wake ni Nyevu, Mgiriama wa Kaloleni, anayeleta majani ya mkwaju na mwarobaini kila wiki. Bi Swabaha amemkanda Nyevu uzazi baada ya uzazi, wala hajapata kuliuliza tumbo ni la dini gani. Nyevu alimtazama mara moja tu.

"Dada Swabaha, umefiwa?"

"Bado."

Akamweleza. Nyevu akasikiliza huku akifunga vitita vya majani.

"Kilatini? Si uje umwone wangu. Kitsao alisomea upadri."

"Kitsao huyu huyu? Mumeo?"

"Huyu huyu. Alifukuzwa seminari mwaka wa tatu."

"Kwa kosa gani?"

Nyevu akanyoosha mgongo, akajishika kiuno. "Si hili hapa, unalitazama."

Wakachukua tuk-tuk mpaka Tononoka. Mzee Kitsao, aliyestaafu ukarani bandarini, alikuwa nje ya mlango wake amevaa fulana, anasikiliza redio. Alipoambiwa Kilatini, aliingia ndani akatoka na shati. Alipoambiwa ni juu ya bakuli la fedha, aliingia tena akatoka na miwani.

"Lugha hii," akaanza, "ni mama wa lugha."

"Na wewe ni yatima wake," akasema Nyevu. "Soma."

Kitsao akalizungusha bakuli, akalisogeza, akaliweka mbali, akakiri kwamba haoni kitu. Nyevu ndiye aliyekwenda jikoni, akapitisha kidole chini ya sufuria, akarudi na masizi. Akayapaka kwenye mdomo wa bakuli, kisha akapangusa juu juu kwa kitambaa. Weusi ukabaki ndani ya michoro. Herufi zikaanza kujitokeza mojamoja kama watoto wenye haya mbele ya mgeni. Nyingine hazikutoka kabisa.

Kitsao akabandua karatasi ya kalenda ya mwaka jana, akaanza kwenye ua akielekea kulia, akanakili alichokiona na kuacha nafasi pasipoonekana kitu.

*MA–VS MA–VM L– –AT*

"Hii V mahali kama hapa ni U," akasema. "Watu wa kale walikuwa wachoyo wa herufi, moja waliifanyisha kazi ya mbili. Hata bandarini tulikuwa hivyo hivyo." Akafumba macho. Midomo yake ikawa inapitia maneno ya ujanani, moja likikataliwa, jingine likijaribiwa. Kisha akafumbua macho, na hakumtazama mgeni.

"Sema tu, Mzee Kitsao."

"Mimi naona hapa ni *malus*. Na hapa *malum*. Herufi iliyopotea ni L."

"Ndiyo nini?"

"Mwovu. Na uovu. Na la mwisho laweza kuwa *ligat*, yaani hufunga. Mwovu huufunga uovu." Akakohoa. "Ni kama hirizi. Mambo ya uganga wa Kizungu. Nao walikuwa nao, msidhani."

Watoto wa Kibokoni walimpita Bi Swabaha mbele ya macho mmoja mmoja wakiwa uchi, na maji yakiwatiririka. Mmoja sasa ni mwadhini. Mmoja ni daktari. Mmoja yuko jela, lakini huyo hata babake alikuwa vivyo hivyo, na babake aliogeshwa Lamu. Akajiona Ijumaa amekaa kitini. Akaona hata kisahani cha halua.

Kitsao, ambaye moyo wake ni laini kuliko Kilatini chake, akachukua kalamu. "Dada, usihuzunike. Nitakuandikia hapa: *Mungu ambariki mtoto huyu.* Natia sahihi yangu. Mkweo ataitoa wapi Kilatini cha kunipinga?"

Karatasi ilikuwa pale pale. Kalamu nayo ilikuwa pale pale. Bi Swabaha aliitazama kalamu ile kwa muda ambao si wa heshima sana.

"Hapana," akasema mwisho. "Mimi kazi yangu ni kuosha. Nikikiita kichafu kisafi, nimebaki na kazi gani?"

Redio ikatangaza vifo. Nyevu alikuwa amemkazia macho rafiki yake.

"Dada. Una kitu hukukisema."

"Kitu gani?"

"Mimi nimezalia mikononi mwako. Naujua uso wako ukificha."

"Ni siri ya bibi yangu. Haisemwi mbele ya mwanamume."

"Na mimi nilipokuwa naona haya, nimebana miguu, na mtoto yuataka kutoka, uliniambiaje?"

Bi Swabaha akauma mdomo.

"Uliniambia *mficha uchi hazai*," akasema Nyevu, "na ukanipiga kofi la paja."

Bi Swabaha akacheka bila kutaka. Kisha akafikiri sana. Bibi yake alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. Angechagua lipi, siri ifichuke au kazi ife? Akamgeukia Kitsao.

"Mzee Kitsao, nakuomba utazame ukuta."

Kitsao akageuza kiti. Akabaki anasikiliza kwa kisogo.

Bi Swabaha akaliweka bakuli magotini, kidole chake akakitia juu ya ua kama alivyofunzwa, akakisogeza polepole neno kwa neno. "Tavali," akanong'ona. "Munamu. Sunamu." Kidole kikarudi kwenye ua.

"Hicho si Kilatini," kikasema kisogo.

Lakini Nyevu hakuwa akisikiliza. Alikuwa akikitazama kidole. "Rudia, dada." Bi Swabaha akarudia. "Kitsao, geuka. Njoo uone. Kidole chake charudi nyuma."

Kitsao akageuka. "Dada, mbona waanzia mwisho?"

"Mwisho upi? Si hapa kwenye ua?"

"Kwenye ua, ndiyo, lakini watoka kulia wenda kushoto."

Bi Swabaha akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza kwa nini mvua hushuka. "Kwani wewe kusoma ulianzia wapi?"

Mzee Kitsao akaitazama upya karatasi yake. Nyevu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vitita vya majani.

Habari ikatoka yote. Aliyeyasoma maneno yale mara ya kwanza ni mamake bibi yake. Alikuwa yaya kwenye nyumba ya Mzungu kule Kizingo, akilea mtoto aliyekuwa na vipande vya mbao vya kuchezea, kila kipande na herufi yake. Mtoto akisema *ma*, yaya naye akisema *ma*. Hivyo ndivyo alivyozijua herufi, mojamoja, kwenye mkeka, zikiwa zimetawanyika. Zinavyopangwa hakuna aliyemwambia, na yeye hakuona sababu ya kuuliza: chuoni alikosomea Kurani, maandishi huanzia kulia. Akarudi nyumbani, akalishika bakuli la jamaa zake, akalisoma kwa fahari, na fahari hiyo ikarithiwa.

"Basi subiri," akasema Kitsao, na sasa sauti ilikuwa nyingine, hata miwani ilikuwa imekaa sawa. "Sema tena, polepole. Nami nitaandika nikirudi nyuma na wewe."

"Ta-va-li."

Akaanzia ukingo wa kulia wa karatasi. T. A. V. A. L. "Hiyo *i* ni ya kwetu," akasema. "Sisi hatuwezi kuliacha neno limesimama kwa mguu mmoja."

"Mu-na-mu."

M. V. N. A. M.

"Su-na-mu."

S. V. N. A. M.

Akaiweka kalamu chini. Pale alipokuwa ameacha nafasi, sasa pamejaa. Palipokuwa na mwovu, kumbe hapakuwa na L, bali N. Akasoma kwa sauti, kushoto kwenda kulia, kidole chake kikizunguka mdomo wa bakuli na kukutana njiani na kile cha Bi Swabaha: "*Manus manum lavat.*"

"Ndiyo nini?"

"Mkono huosha mkono."

Bi Swabaha akangoja. Hakuna kilichofuata. "Basi?"

"Basi. Ni msemo wao tu."

"Hamna Mungu humo?"

"Hamna."

"Wala shetani?"

"Hata mmoja. Dada, hili nadhani lilikuwa bakuli la kunawia. Lilikaa mezani, wageni wanawe. Mwenye nyumba akaandikisha maneno ya mikono, kama sisi tunavyoandika *Karibu* kwenye mkeka wa mlangoni."

"La kunawia," akasema Bi Swabaha.

Kwenye tuk-tuk ya kurudi alikipakata kikapu. Ametoka Kibokoni akiogopa kwamba bakuli ni la shetani, sasa analirudisha likiwa chombo cha mezani, na hakujua lipi linauma zaidi. Vizazi vitatu vya wanawake, minong'ono, viapo, binti kurithi, kumbe walikuwa wakiwasomea watoto habari za kunawa mikono, tena kinyumenyume. Alipofika Marikiti akaanza kucheka peke yake. Dereva akamtazama kwenye kioo, akaongeza mwendo.

Ijumaa nyumba ilijaa. Udi ulikuwa umefukizwa mpaka paka amehama. Kina mama wamekaa kwenye mikeka, mahamri yanapita, Nabiha amepakwa hina, na Fuad amevuliwa nguo na kuwekwa juu ya leso, anaitazama dari kama mwenye nyumba anayekagua nyufa. Bi Thuweba alifika na mfuko mkubwa. Akatoa humo beseni la plastiki, jipya, la buluu.

"Nimekuja nalo," akasema, "endapo."

Akaliweka katikati ya chumba, kando ya bakuli la fedha. Wanawake wakaacha kutafuna.

Bi Swabaha alikuwa ameupanga usemi wake usiku, wenye utangulizi na kila kitu. Wote ulimpotea. Akasema tu mambo yalivyokuwa: habari ya Kitsao, masizi, mtoto wa Mzungu na vipande vya mbao, maneno yenyewe, na kwamba yeye na bibi yake na mamake bibi yake waliyasoma kutoka upande usio wao. Hakuficha hata lile la kunawia. Alipomaliza, akakunja mikono yake mapajani. Kiti cha wageni kilikuwa nyuma yake, akakihisi mgongoni.

Bi Thuweba akafikiri.

"Kwa hiyo Zein wangu aliogeshwa ndani ya bakuli la kunawia mikono."

"Ndiyo, mkwe."

"Mimi nilidhani mmemwogesha kwenye chombo cha kanisa, nikaudhika. Kumbe mlimwogesha kwenye chombo cha pilau."

"Ndiyo, mkwe."

"Na ukamsomea kinyume."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana mpaka leo avaa fulana nje ndani," akasema Nabiha. Mkeka mzima ukaanguka kwa kicheko, isipokuwa Bi Thuweba, ambaye mdomo wake ulitikisika kidogo pembeni ukarudishwa mahali pake.

"Mkono huosha mkono," akasema, kama anayeonja chumvi. "Sisi twasema mkono mmoja haulei mwana. Wenzetu nao wameona." Akalishika beseni la buluu, akampa Nabiha. "Hili utafulia nepi." Kisha akakunja mikono ya baibui, akainama, akalishika birika. "Nalisema n'tashika maji. Haya. Mtoto apata baridi."

Bi Swabaha akamnyanyua Fuad, akamkalisha ndani ya bakuli, miguu ikabaki nje. Akasema Bismillahi. Bi Thuweba akamimina, yeye akayapokea maji kwa kiganja, akayapitisha kichwani mwa mtoto, mgongoni, kifuani. Ulimi wake ulikuwa umeshainuka kwa mazoea. Akaushusha. Maji ya kwanza yakapita kimya, na ya pili yakaja.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Bi Thuweba.

"Si hukuyataka?"

"Sikuyataka nilipokuwa siyajui. Zein ulimsomea. Huyu wampunja kwani ana nini?"

"Nisome vipi sasa? Kwa mbele au kwa nyuma?"

"Soma kwa Kiswahili, mtoto afahamu."

Bi Swabaha akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalisema kwa sauti, mbele ya chumba kizima: "Mkono huosha mkono."

Fuad, ambaye alikuwa ametulia muda wote huo, akafahamu. Akanyoosha miguu, akakunja uso, akakojoa mkojo mrefu uliopaa juu ya mdomo wa bakuli, juu ya ua na maneno yote matatu, ukatua kwenye mikono ya Bi Thuweba mpaka kwenye viwiko. Birika halikumponyoka. Akangoja mjukuu wake amalize, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

"Na hiyo?" akasema. "Kampelekee Mzee Kitsao, akutafutie maana yake."

Hapo ndipo alipocheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Bi Swabaha akamkabidhi mtoto kwa Nabiha, akaenda uani akalimwaga bakuli, akalisuuza mara kadhaa, na ndimu akaipitisha kwa ndani peke yake, nje penye maneno hakugusa. Akarudi nalo, akaliweka mbele ya mkwewe, akalitwaa birika kutoka kwenye mikono ile iliyorowa.

"Lete mikono," akasema.

Bi Thuweba akaiweka juu ya bakuli, na yeye akammiminia.